Mkopo wa kikundi laki sita, rejesho kila Jumanne: nichukue?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijiji kimoja wilaya ya Kongwa, Dodoma. Nauza chai na maandazi, na mimi na mume wangu tunalima ekari nne, mbili mahindi na mbili alizeti. Kuna kampuni ya mikopo imeingia kijijini. Afisa wao anataka tuwe wanawake watano tudhaminiane, kila mmoja apewe laki sita katikati ya Novemba. Riba ni asilimia 20 kwa miezi sita, rejesho 30,000 kila Jumanne kwa wiki 24. Wanakata asilimia 10 ya dhamana ambayo tutarudishiwa mwisho, na 18,000 ya fomu na bima. Nikipata nitaweka laki tatu shambani (trekta, mbegu na mbolea), laki mbili niongeze mtaji wa biashara, laki moja sare na madaftari ya Januari. Siku nzuri napata faida ya 5,000, siku mbaya 3,000, na nauza siku sita kwa wiki. Mama mkwe anasema kukopa harusi kulipa matanga, na kweli jirani yetu mwaka jana alibebewa bati alizoweka ajengee. Lakini redioni tunaambiwa mikopo midogo inawatoa watu vijijini kwenye umaskini. Ukweli ni upi? Nichukue? Na wenzangu wanataka niwe mwenyekiti wa kikundi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeandika barua nzuri kwa sababu umeweka tarakimu zote. Wengi wanaoniuliza kuhusu mikopo wananitajia riba tu, kisha wananyamaza kuhusu lini pesa inaingia na lini inatoka, na hapo ndipo penye jibu.

Usichukue laki sita. Laki mbili, kwa kazi moja nitakayoitaja, inaongeleka.

Tuanze na Jumanne yako. Faida yako tuifanye 4,000 kwa siku, siku sita, ni 24,000 kwa wiki. Rejesho ni 30,000. Umeshapungukiwa na 6,000 kabla hujanunua chumvi wala sabuni, na hiyo 24,000 ndiyo inayolisha watoto sasa hivi. Utaniambia mtaji ukiongezeka faida itaongezeka. Kidogo, ndiyo. Lakini wanaokula maandazi asubuhi kijijini kwako ni walewale. Ukikanda unga mara mbili, nusu utaila nyumbani jioni. Kwa hiyo rejesho litatoka wapi? Litatoka kwenye ile laki mbili ya mtaji. Ndani ya wiki chache utakuwa unamrudishia afisa pesa zake mwenyewe, na riba unaongeza ya kwako. Nimeyaona haya kwa wateja wengi, na karibu wote waliamini kwamba tatizo lao lilikuwa uvivu au mkosi.

Sasa chukua kalenda. Ukipewa pesa katikati ya Novemba, rejesho la 24 linaangukia mwanzoni mwa Mei. Mahindi yako wakati huo yako wapi? Bado yanakauka shambani, na alizeti vilevile. Maana yake utatakiwa umalize kulipa mkopo wa kilimo kabla hujauza hata debe moja. Katikati hapo kuna Januari hadi Machi, miezi ambayo watu wa Dodoma mnaijua vizuri: akiba ya ghala imeisha, ada na sare zimekomba mifuko, palizi inataka vibarua, na wateja wako wa chai wanaanza kusema "niandikie". Siku zako za 3,000 zitakuwa nyingi kuliko za 5,000. Huo mkopo haukupangwa na mtu aliyewahi kulima kwa mvua ya msimu mmoja.

Na laki sita yenyewe hutaishika. Toa 60,000 ya dhamana, toa 18,000 ya fomu na bima, unaondoka na 522,000. Ile laki moja ya sare imeshapungua mpaka 22,000, na bado hujafika nyumbani.

Kuhusu riba, afisa atakwambia asilimia 20 kwa miezi sita ni kama asilimia 3.3 kwa mwezi. Kwa hesabu ya karatasi ni kweli, na iko chini ya ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu kwa kampuni za mikopo zisizopokea amana. Lakini hiyo ni riba inayohesabiwa juu ya laki sita nzima mpaka wiki ya mwisho, wakati wewe kila Jumanne unapunguza deni. Wiki ya 12 umesharudisha nusu, ila riba unalipia kana kwamba pesa yote bado iko mkononi mwako. Ukiihesabu juu ya deni linalobaki kweli, inakaribia asilimia 6 kwa mwezi. Ukiingiza makato na ile 60,000 uliyoiacha kwao bila kuitumia, inakaribia asilimia 9. Hakuna aliyedanganya hapo. Ila uliza swali moja kwa sauti, wenzako wasikie: "Riba hii mnaitoza juu ya mkopo wa mwanzo, au juu ya salio?" Ukiona afisa anababaika, umeshapata jibu. La pili: kampuni za mikopo za aina hii, ambazo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaziita za daraja la pili, haziruhusiwi kupokea amana za wateja. Basi hiyo asilimia 10 wanaishika kwa jina gani, iko wapi, na risiti yake mnapewa? Leseni yao ya Benki Kuu nayo waombeni waioneshe. Mwenye leseni hakasiriki akiulizwa.

Haya, la redio.

Wazo hili la mikopo midogo ya kikundi lilipata umaarufu kutoka Bangladesh. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi Chuo Kikuu cha Chittagong, aliwakuta mafundi katika kijiji cha Jobra, jirani na chuo, wanatengeneza vigoda vya mianzi kwa malighafi ya mkopo. Aliyewakopesha ndiye aliyevinunua vigoda vyao, kwa bei anayoipanga mwenyewe, kwa hiyo fundi alibaki na senti tu. Yunus alijumlisha madeni ya watu 42, yakafika taka 856 (taka ni fedha ya Bangladesh), wakati ule kama dola 27 za Marekani, akayalipa kutoka mfukoni. Mwaka 1983 mradi ukawa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kikundi cha watano, mkutano wa kila wiki, rejesho dogo dogo, yote hayo afisa wako ameyarithi huko.

Lakini tazama mkopo ule ulifanya kazi gani. Fundi alikuwa na kazi tayari na soko tayari. Alichokosa ni uhuru wa kununua mianzi bila kumtegemea tajiri mmoja. Kigoda kilitengenezwa leo na kuuzwa leo, pesa ikaonekana kila siku, hivyo kulipa kila wiki hakukumuumiza. Na Bangladesh vijiji vimesongamana, afisa kwa baiskeli anapita vikundi kadhaa asubuhi moja. Utaratibu huo ulipohamishiwa Kongwa, Kilosa au Bunda, masharti yalisafiri bila mazingira yake. Afisa anatembea kilomita nyingi kwa pikipiki, gharama hiyo inawekwa kwenye riba, na mkulima anayepata pesa mara moja kwa mwaka anadaiwa mara 24 kwa nusu mwaka.

Matokeo yake yamepimwa. Mwezi Januari 2015 watafiti walichapisha kwa pamoja matokeo ya majaribio sita, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko. Walilinganisha maeneo au watu waliofikiwa na mikopo na wale ambao bado. Walichokuta kiliwakera waliokuwa wanaipigia debe na waliokuwa wanaipinga. Watu walikopa zaidi, wengine walipanua biashara, wengine walinunua vitu vya kudumu kama mashine na vyombo. Lakini kwa wastani kipato cha kaya hakikupanda kwa kiwango cha kusema familia zimetoka kwenye umaskini. Na kwa wastani pia hawakufilisika. India, katika jiji la Hyderabad, walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na biashara kabla ya mkopeshaji kufika. Aliyeanzisha biashara kwa sababu tu mkopo umepatikana, mara nyingi alibaki na kabiashara kasiko na faida ya maana.

Kwa hiyo tangazo la redio limetia chumvi, na mama mkwe naye anasema nusu. Mkopo unaweza kukuza kitu kinachotembea. Hauwezi kuleta mvua, bei nzuri ya alizeti wala wateja wapya. Familia ambayo hata mlo wa pili ni shida, mkopo ni mzigo juu ya mzigo. Hao wanafaidika zaidi na msaada kwanza. Shirika la BRAC la Bangladesh liliona mapema kwamba maskini wa mwisho kabisa hawafikiwi na mikopo yake lenyewe, na mwaka 2002 likaanza utaratibu mwingine: familia inapewa mbuzi, ng'ombe au kuku, inapewa posho ya chakula kwa muda, inafundishwa na kutembelewa. Utaratibu wa aina hiyo ulipimwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionesha kwa ujumla kwamba kipato na chakula cha familia vilipanda na kubaki juu mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Kama kwenye kikundi chenu kuna mama wa hali hiyo, msimwingize kwa huruma ili tu mfike watano. Mtamfunga kamba shingoni, na nyie mtakuwa mmeshika ncha yake.

Maana hiyo ndiyo siri ya kudhaminiana. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikiwa afisa mikopo, kwa hiyo ngoja nikwambie Jumanne mbaya inavyokuwa. Saa nne asubuhi mmekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, kadi za marejesho zimepangwa, katibu anaita majina. Wanne wametoa. Wa tano hayupo, na simu yake haipatikani. Afisa anatazama saa, anafunga daftari, anasema kwa upole kabisa: "Mimi siondoki mpaka rejesho litimie." Hapigi kelele wala hatukani, kwa sababu hana haja. Saa sita inafika, jua limehama, aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani anaanza kunong'ona. Mwishowe mmoja anafungua fundo la kanga, anatoa elfu kumi aliyoipanga kwa ajili ya mbolea, mwingine anaongeza tano, mnachangishana mpaka 30,000 inatimia. Afisa anahesabu, anasaini, anawasha pikipiki. Kwake yeye wiki imekwisha salama, asilimia 100. Ninyi ndiyo mnanyanyuka na hasira kwenda kwa yule wa tano, na kikiwepo kitu uani mnakibeba.

Sijui habari za jirani yako, lakini ukiuliza vizuri, uwezekano ni mkubwa kwamba bati zile hazikubebwa na kampuni. Zilibebwa na wanakikundi wenzake, watu waliocheza naye ngoma moja. Kampuni inapojisifu kwamba wateja wake wanarejesha karibu wote, ndani ya hesabu hiyo kuna sufuria, kuku na urafiki uliokufa.

Sisemi dhamana ya kikundi ni mbaya moja kwa moja. Bila hiyo, mama asiye na hati ya kiwanja asingekopesheka popote. Ila uielewe kama deni, siyo kama utaratibu wa kujaza fomu. Ukisaini kikundi cha watano, weka akilini kwamba unadaiwa milioni tatu na laki sita, ya kwako ni laki saba na elfu ishirini tu.

Sasa njia zilizopo kwako. Nitazieleza kwa mafungu matatu ya pesa uliyoyataja, kwa sababu kosa la mpango wako liko katika kutaka pesa ya aina moja ifanye kazi tatu zenye tabia tofauti.

Fungu la biashara ndilo pekee linaloendana na rejesho la wiki. Laki mbili kwa masharti yaleyale ni rejesho la 10,000. Wiki ya kawaida unabaki na 14,000, wiki mbaya ya Februari unapumua bado. Lakini usiiweke kwenye maandazi. Iweke kwenye kitu ambacho wateja wako walewale wa chai wanakinunua kila siku kwa mwingine: mafuta ya kupima, sukari, chumvi, sabuni ya vipande. Nunua kwa dumu na kwa mfuko pale Kibaigwa, uza kwa kipimo. Faida kwa kila kipimo ni ndogo, lakini pesa inarudi mkononi ndani ya siku chache, na hiyo ndiyo inayolipa Jumanne. Masharti yangu kwako ni mawili. Usikopeshe mafuta, hata kwa shangazi. Na pesa ya rejesho itenge kila jioni, 1,700 kwa siku sita, kwenye kopo ambalo mumeo analijua na hamtaligusa. Anayesubiri Jumatatu usiku ndiyo atafute 10,000 nzima, huyo ataikosa.

Fungu la sare na madaftari usilikopee kabisa. Kitu kisichoingiza pesa kikilipiwa kwa riba ya asilimia 9 kwa mwezi, unamfundisha mtoto huku unamnyima chakula. Hilo ni la akiba, na hapa naingia kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika: kikundi cha hisa.

Bila shaka kijijini kwenu mnacho au mlishawahi kuwa nacho, kiitwe VICOBA, kiitwe hisa, kiitwe kibubu. Asili ya mtindo huu ni karibu kuliko Bangladesh. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, nchini Niger, walianza vikundi vya aina hii wakisaidiwa na shirika la CARE, na kutoka huko vikasambaa Afrika nzima. Utaratibu unaujua: watu kama 15 hadi 30, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, kila mkutano mnanunua hisa kuanzia moja hadi tano, mnakopeshana hadi mara tatu ya hisa zako, mna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko mnavunja sanduku na kugawana kulingana na hisa. Riba ya ndani vikundi vingi inaenda asilimia 5 mpaka 10 kwa mwezi, ambayo si ndogo hata kidogo. Tofauti ni kwamba riba hiyo inarudi kwenu siku ya kugawana. Hela ya kijiji inabaki kijijini.

Jambo ambalo vikundi vingi vinakosea ni tarehe ya kugawana. Vingi vinavunja Desemba ili watu wale sikukuu. Kwa mkulima wa Kongwa, vunjeni mwanzoni mwa Novemba. Hapo unapokea pesa wakati trekta liko barabarani na duka la pembejeo limefunguliwa, na inayobaki inasubiri Januari kwa ajili ya sare. Ukianza kununua hisa Juni baada ya kuuza alizeti, 5,000 kwa wiki, mpaka Novemba umekusanya zaidi ya laki moja kabla ya faida. Haifikii laki tatu unayoitaka, najua. Lakini ni laki moja isiyodai mtu, na mwaka unaofuata itakuwa zaidi. Watafiti waliovipima vikundi hivi Ghana, Malawi na Uganda hawakukuta miujiza ya kipato hapo pia, waliona zaidi watu wanaweka akiba, wanapata mkopo kirahisi na wanawake wanapata sauti kwenye biashara na nyumbani. Mimi hilo linanitosha kulipendekeza, kwa sababu ukikosea kwenye kikundi cha hisa unapoteza kidogo.

Fungu la shamba ndilo gumu. Mkopo wa shamba unatakiwa ulipwe baada ya mavuno, mara moja au mbili. Mwulizeni afisa kama wanao wa namna hiyo, au angalau kama mnaweza kupewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Ombi hilo lina mashiko. Huko Kolkata, India, wateja waliopewa miezi miwili ya kupumua badala ya wiki mbili waliwekeza zaidi, na miaka mitatu baadaye faida za biashara zao zilikuwa juu waziwazi kuliko za wenzao. Lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na ndiyo maana mkopeshaji anaipenda Jumanne yake. Usitegemee atakubali kirahisi.

Mlango mwingine ni halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uliza masharti ya kusajili kikundi na lini maombi yanapokelewa. Nikuonye mapema: inachukua muda, na pesa inaweza kutoka Machi wakati hamna cha kufanya nayo shambani. Andikeni kwenye andiko la mradi shughuli inayoendana na wakati wowote itakapotoka. Kuna watu wanazichukua hizi kama zawadi ya serikali, wengine hata wanaambiwa hivyo na wanasiasa wao. Ni deni, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu.

Kuna kitu kimoja zaidi, ambacho hukuniuliza, na naamini kina pesa nyingi kuliko mkopo wa mbegu. Mahindi yako unayauza lini? Kama ni Juni na Julai, unauza pamoja na Kongwa nzima, bei ikiwa chini kabisa, kisha Februari unanunua debe la mahindi hayohayo kwa bei ya juu. Wakulima wa magharibi mwa Kenya, upande wa Bungoma, walikuwa na shida ileile. Taasisi ya One Acre Fund ikawapa mkopo wakati wa mavuno, ili wapate pesa ya ada na mahitaji bila kuuza mahindi, wakaweka ghalani mpaka bei ilipopanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: faida ilikuwa asilimia 29 ya pesa iliyowekezwa. Pesa haikuongeza hata gunia moja shambani, ila ilifika mwezi unaofaa. Kulikuwa na la kujifunza pembeni pia: pale walipokopeshwa wakulima wengi wa eneo moja, bei za wakati wa mavuno na za miezi ya baadaye zilikaribiana, hivyo faida ya anayehifadhi ikashuka huku majirani wasiokopa wakinufaika.

Kikundi chenu cha hisa kinaweza kufanya hivyo kwa udogo. Juni, badala ya mtu kuuza gunia kwa haraka, akope kwenye sanduku kwa mahitaji ya lazima, gunia tano au sita ziwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile inayozuia dumuzi bila dawa. Uza nusu Novemba kwa ajili ya trekta, nusu Februari. Usihifadhi yote, kwa sababu bei haipandi kila mwaka. Serikali ikizuia kuuza nje, au mavuno ya mikoa jirani yakiwa makubwa, Februari inaweza kukuaibisha. Lakini mkulima mwenye gunia sita ndani mwezi Novemba anaongea tofauti na afisa mikopo.

Neno dogo kuhusu simu, maana najua likikwama rejesho mtu anakimbilia huko. Mikopo ya programu za mtandaoni usiiguse ili kulipa Jumanne. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na hizo ndizo zinazowapigia ndugu zako wote walioko kwenye simu kukutangaza kuwa mdaiwa. Kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kali wa kijijini, angalau unamjua kwa sura.

Uenyekiti ukubali, ila kabla ya kusaini. Ukiwa mwenyekiti baada ya kusaini, kazi yako ni kumkamatia afisa watu. Kabla ya kusaini, una nguvu ya kupanga. Waketishe wenzako wanne bila afisa kuwepo. Kila mmoja ataje faida yake ya wiki mbaya, siyo ya wiki nzuri, na rejesho lake lisizidi takriban nusu ya hiyo. Atakayeona aibu kutaja, au ambaye mumewe hajui habari za mkopo, abaki nje safari hii. Kubalianeni kabisa, kwa maandishi, mmoja akiugua au akifiwa nani anachangia na kwa wiki ngapi, na kwamba hakuna kitakachobebwa nyumbani kwa mtu bila mtendaji wa kijiji kuwepo. Nakala ya mkataba iwe kwa Kiswahili na kila mmoja abaki nayo. Kukitokea mgogoro, malalamiko yaanze kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, wasipojibu mnaenda Benki Kuu.

Mkimaliza, mpelekeeni afisa orodha: huyu laki mbili, huyu laki moja na nusu, huyu tatu. Akisema kampuni yake haina viwango hivyo na lazima wote mchukue laki sita, mwambieni arudi Juni.